Soda Ifunguliwe Mbele Yangu

Mwezi uliopita, sebuleni kwa dada yangu, baba yangu mkubwa alinyanyuka kutoka kwenye kochi, akachukua rimoti na kuzima televisheni filamu ikiwa imefika katikati. Hakuomba radhi wala hakutuuliza. Alisema kwamba hawezi kukaa katika nyumba ambayo watu wazima wenye akili zao wanajitia hofu kwa makusudi, kwamba filamu za kutisha ni anasa ya Wazungu waliokosa shida, na kwamba Mwafrika mwenye kodi ya nyumba na ada za shule hana haja ya kulipia kifurushi ili atishwe. Kwa kuwa ni baba mkubwa, tulinyamaza, na mpwa wangu mmoja akaenda kuimalizia ile filamu chumbani, kwenye simu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa pamoja kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani. Mhudumu alipita na trei ya soda, zote zikiwa zimeshafunguliwa ili kuokoa muda, kila moja na mrija wake. Baba mkubwa aliitazama chupa yake kama mtu aliyekuta nyoka kajikunja mlangoni.

"Binti, hii imefunguliwa wapi?"

Alipojibiwa kwamba zimefunguliwa kule nyuma, jikoni, aliirudisha kwenye trei kwa adabu kubwa. "Niletee nyingine, mwanangu, uifungue hapa hapa mbele yangu."

Meza nzima ilimuunga mkono. Nami nilirudisha yangu. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza ni nani hasa tuliyekuwa tukimhofia katika ukumbi ule uliojaa ndugu, majirani na waumini wenzetu. Filamu ya kutisha haina kazi nyingine zaidi ya kuuliza swali hilo, na ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe baba mkubwa kwa ile rimoti.

Jambo hili nililijua nikiwa na miaka kumi na miwili, katika kibanda umiza kimoja, yaani kibanda cha kuonyeshea video, cha Mabatini, Mwanza, ambako shilingi mia ilikupatia nafasi kwenye benchi pamoja na jasho la watu sitini. Kanda za Marekani zenye maiti wanaofukuka makaburini zilituchekesha mpaka machozi, kwa sababu mkalimani aliyeketi kando ya deki na kipaza sauti chake aliwapa wale wafu majina ya watu wa mtaani kwetu na kuwagombanisha kwa ajili ya madeni. Siku moja, hata hivyo, iliwekwa filamu ya Kinigeria, na ndani yake mama mkwe alimmiminia chai mke wa mwanawe, akaikoroga, akaikoroga tena, kisha akamsogezea kikombe huku akitabasamu. Hapakuwa na damu wala panga. Kibanda kilinyamaza hata nikasikia jenereta la nyumba ya tatu. Mkalimani mwenyewe alisahau kutafsiri. Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwonya mtu aliyekaa naye mkeka mmoja: "Usinywe, mwanangu."

Wale wafu hatukuwaogopa kwa sababu hatukuishi nao. Mama mkwe tuliishi naye. Tena kilichotisha katika kikombe kile hakikuwa dawa iliyotiwa ndani yake, bali ni kwamba yule mke hakuwa na namna ya kukikataa. Kwetu mgeni akikaribishwa hula, mkamwana akimiminiwa hunywa, na anayekataa chakula cha mwenzake amekwisha kumwita mchawi bila kutamka neno. Adabu ndiyo inayoufunga mlango, na huufunga kwa nje. Mambo ambayo wakwe, mawifi na mashemeji hawawezi kuambiana wakiwa wamezunguka sinia moja wanaweza kuyatazama pamoja kwenye kioo, taa zikiwa zimezimwa, kila mmoja akijifanya kwamba kinachozungumzwa ni jini.

Kwa sababu hiyo, filamu ya "Get Out" iliyotoka Marekani mwaka 2017 haikuhitaji kufafanuliwa kwetu. Mwongozaji wake, Jordan Peele, alimchukua kijana mweusi mpiga picha aitwaye Chris, ambaye anaigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Uganda, akampeleka ukweni. Msomaji wa Kiswahili ameshaanza kuogopa hapo hapo. Wakwe ni Wazungu, wasomi na wakarimu kupita kiasi. Baba, daktari wa upasuaji wa ubongo, anajigamba kwamba lau ingewezekana angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu. Mama ni daktari wa magonjwa ya akili. Usiku anamketisha Chris, anakoroga chai taratibu, kijiko kikigusa ukingo wa kikombe, na kwa mlio ule anamfunga akili mpaka kijana anazama ndani ya nafsi yake, akiona kila kitu kwa mbali na asiweze kunyanyua hata kidole. Nilipokiona kijiko kile nilimkumbuka yule mama wa Mabatini.

Yanayofuata yote yanafanyika kwa heshima. Wageni wanamminya Chris misuli, wanausifia mwili wake, kisha wanaketi kumnadi kwa kadi za bingo bila mtu kupaza sauti, kwa sababu wanautaka mwili huo wahamishiemo ubongo wao wenyewe. Mtumishi wa ndani, Georgina, anatabasamu na kurudia "hapana, hapana" huku machozi yakimtiririka. Ndani ya mwili ule kuna mtu mwingine, na mwenyewe amefungiwa chini kabisa. Hakuna tendo baya katika nyumba ile lisilotanguliwa na karibu. Chris anaona dalili zote, lakini kila anapotaka kuondoka anajiuliza kama hatakuwa amewakosea wenyeji wake, na sisi tuliolelewa kwa maneno ya "kula kidogo tu, usimvunje moyo" tunamwelewa kuliko alivyotegemea mwongozaji. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka 2018 Peele akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada halisi wa filamu. Siandiki takwimu hizi ili kumkomoa baba mkubwa. Au labda naziandika kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna zawadi katika filamu hiyo ambayo sisi tuliipata bure. Majina ya waigizaji yanapopita mwanzoni, miti ikikimbia pembeni mwa barabara, zinasikika sauti zikiimba kwa Kiswahili. Mtunzi wa muziki, Michael Abels, aliuita wimbo huo "Sikiliza Kwa Wahenga", nao unamwonya kijana akimbie. Chris hausikii. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama mnong'ono wa Afrika isiyo na anwani. Aliyekaa Temeke au Kisauni, kwa upande wake, alikwisha kuambiwa mapema kwamba safari ile si ya heri. Nakiri kwamba Kiswahili chenyewe kinanuka kamusi, kwani mtu wa kwetu angesema "wasikilize wahenga", na nadhani wahenga wenyewe wangemsahihisha. Lakini safari hii lugha yetu ndiyo iliyoijua hatari kabla ya lugha kubwa, na sikumbuki mara nyingine nilipolipata jambo hilo sinema.

Wala si Peele aliyeanza kuuliza kwa filamu ni nani tunayemhofia. Mwaka 1968, miezi michache tu baada ya Martin Luther King kuuawa, George Romero alitoa "Night of the Living Dead", ambamo mtu mweusi ananusurika usiku kucha mbele ya wafu walao watu, kisha asubuhi anapigwa risasi na kundi la waliokuja kuwamaliza hao wafu. Nigeria nao, mwaka 1992, nchi ikiwa imekwisha kukaa miaka sita chini ya mpango wa marekebisho ya uchumi uliomfanya mwenye mshahara aonekane mjinga, walipata "Living in Bondage", kisa cha mume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike. Na popobawa, jini lenye umbo la popo linalosemwa kuwavamia watu usiku, alipozuka Pemba mwaka 1995, watu wakalala nje kwa makundi, ulikuwa mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi. Anayedhani hofu ile ilihusu popo tu, na alale salama.

Ninachotaka kumwambia baba mkubwa, kwa kuwa ana kwa ana sitathubutu, ni kwamba hofu hizi hazikuletwa na Wazungu. Wakati wa ukoloni, watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto waliowakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Watawala waliandika kwamba huo ni ujinga wa wenyeji. Mimi siuoni ujinga. Mtu aliyetozwa kodi ya kichwa, akaenda kukata mkonge ili ailipe, akarudi kwao mifupa mitupu, akisema kwamba kuna watu wenye sare na magari wanaokunywa damu yake, amekosea nini zaidi ya jina la chombo kilichotumika kuinyonya? Tena tazama alikoelekeza kidole: kwa mwenye sare, mwenye gari, mwenye serikali nyuma yake.

Leo wanawake wa sokoni wameipachika mikopo ya riba kali jina la kausha damu. Hawakufundishwa na mwandishi yeyote wa filamu. Jirani yangu, mama lishe anayedaiwa mkopo wa namna hiyo, alikuwa akikaanga chapati asubuhi moja aliposikia pikipiki ikizima injini nje ya uzio. Aliinua kichwa, akasikiliza, akajifuta mikono kwenye kanga, akatokea mlango wa nyuma bila hata kuepua kikaango. Mimi ndiye niliyeingia kuzima jiko, moshi umejaa, chapati imekuwa mkaa. Aliyekuja na pikipiki alikuwa kijana wa kupeleka gesi, ameikosea nyumba. Mama yule alirudi baada ya saa mbili, akaketi juu ya ndoo na kucheka, ingawa magoti yalikuwa yakimcheza. Hiyo ni filamu ya kutisha iliyokamilika, yenye jina lake, mlio wake na mlango wake wa nyuma, na mimi bado naisubiri kwenye kioo.

Badala yake tunaletewa bibi kizee. Katika kanda nyingi mno za kwetu nilizozitazama, maafa yanapoingia kwenye nyumba ya kijana mwenye gari jipya, uchunguzi wa mganga au wa mchungaji huishia kwa mwanamke mkongwe aliyevishwa kaniki, akapakwa majivu, akatiwa wekundu machoni na kuamriwa acheke. Haulizwi gari limetoka wapi. Haulizwi kwa nini mfanyakazi wa ndani halipwi. Kizee anapigwa na radi au anaanguka kutoka kwenye ungo, familia inapiga magoti, na maandishi yanapanda.

Hapa ndipo inanibidi, kwa shingo upande, nimpe baba mkubwa nusu ya hoja yake. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuonekana na macho mekundu, nayo macho hayo yameiva kwa miaka ya moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo wakiwa hai. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, inayohesabu kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi, na sijui ni mwongozaji gani amewahi kuisoma. Filamu hazikuanzisha mauaji hayo, nitalibishia hilo popote. Yalikuwepo kabla ya umeme kufika. Lakini anayempaka bibi rangi nyekundu machoni kwa sababu ameshindwa kufikiria kingine anamwazima muuaji sura ya kutafuta, na kisha anajitetea kwamba alikuwa akiburudisha. Tofauti kati yake na Peele si bajeti. Peele alimwogopa mwenye nyumba, mwenye fedha na mwenye kisu cha upasuaji. Huyu wetu anamwogopa mjane asiye na mtoto wa kumtetea, kwa maana mjane hawezi kumfanya lolote.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kijijini, upande wa Magu, na alipikia kuni maisha yake yote. Mwaka ambao kibanda cha video kilifunguliwa pale senta, nilikwenda kwake likizo nikakuta watoto wa jirani hawakatizi tena uani kwake. Walizunguka kwa nje, mbio, wakijifunika uso. Baada ya siku chache aliniuliza, akiwa anachambua dagaa na bila kunitazama, "Huyo bibi wa kwenye sinema alifanya nini?" Nilikuwa nimeiona kanda ile mjini, tena mara mbili. Nilimjibu kwamba sikumbuki.

Msimu huo maembe yalizaa sana. Kila asubuhi bibi alikuwa akiokota yaliyoiva, akayapanga juu ya jiwe pembeni mwa uzio wa minyaa, kisha akarudi kibarazani na kuketi akiwa amewapa mgongo, ili watoto wayachukue bila kumuona usoni. Mama zao walikuwa wameshawakataza. Maembe yalikaa pale juani mpaka kuku wakaja kuyadonoa.