Branchi ya Bangwe

Najua mmeshasikia. Shoga yangu katuma sauti kwenye kila grupu, hadi la kwaya. Sasa sikilizeni ya mwenye msiba, maana ile yake imetiwa chumvi. Sikulia. Ulikuwa moshi wa jikoni.

Aliniambia hivi: "Jumapili saa tano, branchi kwangu Bangwe, usikose." Mtu anauza dagaa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, miaka yote, akisema branchi wewe ungeelewa nini? (Mlioko Dar msinijibu.) Nikajua kafungua tawi. Nikanunua mzani wa kilo ishirini, nikaufunga kanga, nikapanda bodaboda nimeupakata kama kichanga.

Nafika, hakuna dagaa hata wa dawa. Mezani chai ya maziwa, mayai, chapati, halafu ubwabwa na migebuka ya kuchoma. Nikasema moyoni, leo wapishi wamegombana. Na wageni nadhifu, siwajui. Wateja wakubwa hao!

Nikasimama. Hakuna aliyeniomba, jamani. Nikagonga kikombe kwa kijiko: "Huyu dada ni mpambanaji. Kibirizi kumemlea, leo Mungu kampa branchi Bangwe. Asiishie hapa! Apate branchi Uvinza, apate branchi Tabora, kila treni inaposimama awe na branchi yake, na zote azihudumie bila upendeleo!"

Kimya.

Mama mmoja wa vitenge akashusha kikombe, taratibu, hadi kikagusa sahani. Akamgeukia kijana aliyekaa ubavuni mwa shoga. "Mwanangu, wewe ni branchi ya ngapi?"

Mama mkwe! Katoka Tabora kumwona mkwe! Akili inaniambia kaa chini, mikono inafungua kanga. Mdomo nao: "Na huu mzani, wakija uwapime hapa hapa."

Kabinti ka upande wa bwana kakanimalizia: "Anti, ni brunch. Breakfast na lunch." Eti Waingereza walikata kichwa cha huyu wakakishonea mkia wa yule. Mwandishi wao Guy Beringer ndiye aliyelipigia debe neno hilo gazetini mwaka 1895, ili waliokesha Jumamosi walale hadi jua kali Jumapili. Na smog nayo ni smoke na fog, moshi uliooana na ukungu. Nikajitetea: hata sisi tuna chajio, chakula cha jioni, na Tanzania yenyewe ni Tanganyika na Zanzibar, 1964!

"Na wewe," akasema mama, "umeunganishwa na nini?"

Uchumba upo, msihofu. Jumatatu nikaurudisha mzani dukani. Muuzaji hata hakunisalimia.

"Vipi, tawi limefungwa?"