Umetoa mzee, umeweka mzee mwenzake

Kompyuta yangu ya mezani ilikuja na Core i3-2100 ya Intel, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2011. Juzijuzi nimeing'oa na kuweka Core i7-3770, ya mwaka 2012. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini: "Umetoa mzee, umeweka mzee mwenzake!" Sikatai. Ila wazee hawa hawalingani. Wa kwanza ana viini viwili vya kufanyia kazi na nyuzi nne, yaani kazi nne kwa wakati mmoja, wa pili ana viini vinne na nyuzi nane, na umeme wanaokula unakaribiana: wati 65 kwa 77. Pawasapulai, kile kisanduku cha kugawa umeme, sikuigusa.

Wengi hukosea hapa. Wanatafuta prosesa mpya, wakati mwenye kauli ni madabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Soketi yangu, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, ni LGA 1155, na hiyo inapokea kizazi cha pili na cha tatu cha Core, basi. Ukinipa bure prosesa iliyotoka mwaka jana nitaiweka kabatini kama pambo. Kwa hiyo mimi huuliza: bodi hii inaikubali ipi yenye nguvu kuliko zote? Jibu lake utalipata kwenye orodha ya mtengenezaji wa bodi. Usijiaminishe kwa kuona imeingia kwenye soketi. Prosesa za Core za kizazi cha nane hukaa vizuri tu kwenye LGA 1151 ya kizazi cha sita na cha saba, lakini bodi zile za awali haziziwashi. Wenye soketi ya AM4 ya AMD wamebahatika zaidi. Bodi nyingi za mwaka 2017, zikishapewa BIOS mpya (programu ya bodi inayoiamsha kompyuta), zinabeba hadi Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Nawaonea wivu, sifichi.

Lakini kama bado unatumia diski ya kuzunguka, achana na prosesa kwanza. Kompyuta ya Windows ikiwa nzito bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, utazame asilimia za prosesa na za diski. Diski ikiwa 100 na prosesa inachezea 15, prosesa unaisingizia. Weka SSD, diski isiyozunguka. Mimi nilishaweka SSD na RAM ya GB 16, na bado nikifungua mkutano wa video huku kivinjari kina kurasa kumi, prosesa ilikuwa inagonga 100 na sauti za watu zinakatikakatika. Hapo nilijua ni zamu yake.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwa pupa niling'oa i3, nikatumbukiza i7, nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini giza totoro. Nikaamini nimeuziwa chuma chakavu. Kumbe bodi zenye chipseti (chipu inayoiongoza bodi) ya H61, kama yangu, zilitoka kabla ya kizazi cha tatu, na BIOS ya zamani haikitambui. BIOS inasasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Nikarudisha i3, nikachomeka flashi yenye faili la BIOS, nikasubiri huku nikiomba umeme usikatike, kisha nikaanza upya. Na kila ukinyanyua hitisinki, kile kipoza joto kinachokaa juu ya prosesa, lazima ufute ile pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na kuweka nyingine, kiasi cha punje ya mbaazi.

Haikuishia hapo. Hitisinki ya Intel ya aina hii hushikiliwa na vijiti vinne vya plastiki, na kila kimoja hakijakaa mpaka kilie "taki". Changu kimoja hakikulia, nami nikakipuuza. Baada ya dakika chache joto likapanda hadi nyuzijoto 90 na kitu. Nilifungua tena, nikavisukuma kwa mshazari, viwili viwili, likashuka hadi sitini na kidogo.

Je, nimepata kompyuta mpya? Hapana. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi hiki, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nimehamia Linux Mint. Programu zako zikiwa za Windows peke yake, hesabu yako itakuwa tofauti na yangu, na huenda ukaona heri ununue mashine nyingine. Kwangu mimi mikutano haikwami tena, na video niliyokuwa naiacha ijiandae usiku kucha sasa huwa tayari kabla sijalala.

Ile i3 ipo kwenye droo, ndani ya kasha la plastiki la i7. Na yule rafiki aliyecheka kaniandikia jana, eti soketi ya kompyuta yake ni ipi. Nimemjibu aanze kwa kunitumia picha ya zile asilimia.