Wacheni asidi, shikeni bisibisi

Kila anayeiona rafu yangu ya elementi hapa Malindi, yaani vitu vya asili kama zinki, kaboni na tungsteni ninavyovikusanya kutoka skrapu, swali lake la kwanza ni dhahabu, umetoa gramu ngapi, ulitumia asidi gani, na mimi jibu langu ni moja tu, sijatoa hata chembe na sina mpango wa kutoa. Najua kuna video tele za watu wanaloweka bodi za kompyuta kwenye ndoo, moshi wa kahawia unapanda, mwisho mtu anaonyesha kitone cha dhahabu kiganjani, na vijana wetu wakiona hivyo wanadhani skrapu maana yake ni hiyo. Mi naona tofauti kabisa. Anayekusanya elementi nyumbani afungue, asiyeyushe. Metali ikiwa bado mahali pake pa kazi inakufundisha mambo ambayo kitone safi ndani ya kichupa hakiwezi kukwambia.

Anza na kitu ambacho kila nyumba inakitupa, betri ya tochi, ile ya bei rahisi isiyokuwa alkalaini. Vaa glavu, sababu ule ute wa ndani unawasha ngozi, toa ganda la nje utakuta mkebe mdogo wa kijivu, hiyo ni zinki. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, na unga mweusi ulioshindiliwa pembeni yake ni manganizi dioksaidi imechanganywa na kaboni. Sasa osha ule mkebe uuinue kwenye mwanga wa dirisha, kama betri ilitumika hadi ikafa utaona ukuta wake umelika, pengine pana vitundu kabisa, manake zinki yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiliwa polepole kila ukiwasha tochi. Ukiuyeyusha ukatengeneza kidonge cha kung'aa utakuwa na zinki sawa, lakini habari yote ya vile ilivyofanya kazi umeifuta kwa mkono wako.

Diski ngumu za kompyuta za zamani (hard disk) ndizo nazipenda zaidi. Kuna fundi mmoja mtaani kwetu huniwekea zilizokufa, siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hizi zina faida gani, alumini yenyewe haifiki hata robo kilo?" nikamwambia ami, tafuta bisibisi ya nyota tufungue moja hapa hapa. Ndani pembeni kuna sumaku mbili zenye umbo la mwezi mchanga zimegandishwa kwenye vipande vya chuma, ukiziacha zikutane na kidole kiko katikati utalia. Hizo ni neodimiamu, chuma na boroni, mchanganyiko uliogunduliwa mara mbili karibu wakati mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kampuni za General Motors kule Marekani na Sumitomo kule Japani. Ile rangi ya fedha juu yake si neodimiamu, ni nikeli iliyopakwa kuzuia kutu, sababu sumaku yenyewe ikiachwa uchi kwenye hewa yetu hii ya chumvi inageuka unga. Kwa hiyo usiikwangue, na usiisage hata kidogo, vumbi lake linashika moto.

Halafu ile sahani inayong'aa kama kioo. Chini ni alumini au kioo chenyewe, lakini juu yake kuna tabaka za kobalti, kromiamu, platinamu, na nyingi zilizotengenezwa baada ya 2001 zina pia rutheniamu, IBM walitangaza mwaka huo kwamba wameweka tabaka la rutheniamu lenye unene wa atomu 3 tu. Atomu 3 jamani! Huwezi kuitoa nyumbani, hakuna asidi wala moto utakaokupa rutheniamu ya kuonekana kwa macho, ila unaweza kuining'iniza ukutani ikiwa pale pale ilipo, na mimi hapo naridhika.

Tungsteni ni rahisi zaidi. Glopu za zamani zina uzi wake, metali inayovumilia joto hadi nyuzi 3,422 za Selsiasi kabla ya kuyeyuka, hakuna metali nyingine inayofika hapo. Lakini uzi wa glopu haushikiki, ukitaka kipande chenye uzito nenda kwa mafundi wanaochomelea stenlesi za ngazi na reli za mahoteli, wana vijiti vya tungsteni ambavyo vikishakuwa vifupi hawavitaki tena. Angalia rangi ya ncha, vyenye ncha nyekundu vina thoriamu kama asilimia 2, elementi yenye mionzi kidogo, hivyo usivinoe wala kuvipiga tupa, vumbi lisiingie kifuani.

Na kuhakikisha kwamba ni tungsteni huhitaji kemikali yoyote. Omba mizani ya sonara, au hizi ndogo za kidijitali zinazouzwa siku hizi, funga vipande kwa uzi, vipime hewani kisha vipime vikiwa vimening'inia ndani ya maji bila kugusa kikombe. Vipande vya gramu 19 vikizama vinapungua karibu gramu 1. Chubwi la mshipi, ambalo ni la metali ya risasi, likiwa na uzito huo huo litapungua karibu gramu 1.7. Dhahabu na tungsteni zinakaribiana sana kwa hili, ndo maana matapeli hujaza tungsteni ndani ya vipande vya dhahabu na masonara wakachoka nao. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulifanya jaribio hili mezani na kulielewa lote, na hilo kwangu ni kubwa kuliko bei ya skrapu yoyote.

Sasa turudi kwenye hiyo dhahabu mnayoiulizia. Simu moja ina kama gramu 0.03. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa vifaa vya umeme vilivyokusanywa Japani nzima, karibu tani 79,000 pamoja na simu zaidi ya milioni 6, na dhahabu waliyoipata ilikuwa kilo 32 hivi, tena kwa viwanda vyenye matanuri na vichujio vya moshi. Wewe na ndoo yako uani utapata nini? Kile kimiminika cha kuyeyusha dhahabu ni asidi ya naitriki na ya haidrokloriki pamoja, ule moshi wa kahawia ni naitrojeni dioksaidi, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuuvuta leo mchana ukajiona mzima ukala chakula chako, usiku mapafu yakaanza kujaa maji. Na ukishamaliza unamwaga wapi? Kinachobaki kina shaba, nikeli, risasi, vyote vimeyeyuka. Sisi pwani tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yanapita kama hakuna kitu, na kisima kiko hatua chache kutoka uani. Kule Lamu ndo usiseme, mji mzima unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Na tusijifanye hatujaona. Owino Uhuru pale Mombasa palikuwa na kiwanda kikiyeyusha risasi kutoka betri za magari, watoto wakaingiwa na sumu, wanawake wakapoteza mimba, hadi mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Phyllis Omido, akasimama kidete baada ya mtoto wake mwenyewe kupatikana na sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ndipo Desemba 2024 uamuzi huo ukasimama. Kilikuwa kiwanda kile, si mtu na sufuria yake, lakini risasi haijui tofauti. Betri ya gari usiifungue nyumbani. Betri ya simu usiitoboe. Tyubu za taa zina zebaki, ziache nzima. Na ukipata kifaa cha kunusa moshi kutoka hoteli iliyobomolewa, humo ndani huenda kuna amerisiamu, elementi yenye mionzi, kiweke kwenye rafu kikiwa kimefungwa vile vile, hiyo ndiyo elementi ya rahisi kuliko zote kukusanya sababu kazi yako ni kutokigusa.

Jambo jingine linaloniuma ni lebo. Mtu anaandika "neodimiamu" kwenye sumaku, anaandika "rodiamu" kwenye kipande cha kauri kutoka eksozi ya gari. Andika ukweli: sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni; kauri yenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Rafu yenye lebo za kweli haihitaji usafi wa asilimia 99. Na nunua kwa mtu mwenye leseni, sheria ya vyuma chakavu ya 2015 iko wazi, sote tunakumbuka Januari 2022 biashara nzima ilivyopigwa marufuku kwa miezi kadhaa sababu ya walioangusha nguzo za umeme. Waya wa stima na vyuma vya transfoma hata ukipewa bure kataa.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika mambo haya ni Muaustria mmoja, Carl Auer von Welsbach. Mwaka 1885 ndiye aliyeitenganisha neodimiamu na praseodimiamu, watu walikuwa wakidhani ni elementi moja. Ni yeye pia aliyebuni kile kitambaa kinachowaka cheupe ndani ya taa, ambacho baadaye kikaja kukaa kwenye karabai zetu, za harusi na za uvuvi wa usiku, kilitengenezwa kwa thoriamu oksaidi asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Mchanga aliokuwa akitolea thoriamu ulimwachia mabaki mengi ya seriamu na lanthanamu yasiyo na kazi, basi akayachanganya na chuma akapata kile kijiwe kinachotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi. Kiberiti kikiisha, ukitoa springi yake utakipata kile kijiwe, kidogo, kijivu, na hapo tayari una seriamu na lanthanamu kwa bei ya kiberiti kilichokwisha.

Vitambaa vya karabai vya siku hizi vingi vina itriamu badala ya thoriamu. Mimi natafuta vile vya zamani, vikiwa bado kwenye pakiti yake na havijawahi kuwashwa, kwa hiyo kama uko Mambrui, Ngomeni, Lamu au popote hapa pwani na babu aliacha sanduku la vifaa vya karabai, ukikuta kitambaa humo usikitie moto wala usikipukute, kifunge na pakiti yake kwenye mfuko wa plastiki kisha uniambie, nitakuja kukichukua mwenyewe.