Kiingereza ni cha kimataifa, lakini shuleni ni jambo jingine

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai Kiingereza si lugha ya kimataifa kwa sababu watu wengi duniani hawakijui, na anataka shule zetu zifundishe kwa Kiswahili. Kwenye dai la kwanza sikubaliani naye. Lugha haiwi ya kimataifa kwa kuhesabu vichwa, bali pale watu wasio na lugha moja wanapoitegemea kufanya kazi. Tazama anga. Rubani Mturuki akija kutua Dar es Salaam huongea na waongoza ndege kwa Kiingereza, na hakuna Mwingereza kati yao. Tangu 2008 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linataka marubani wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja la 4 kati ya 6 katika lugha hiyo. Si urasimu mtupu: mwaka 1977 kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili ziligongana uwanjani, watu 583 wakafa, na maneno yasiyoeleweka sawasawa redioni yalikuwa miongoni mwa sababu.

Ninapoungana naye ni kwenye shule. Mtoto wa Tanzania katika shule ya kawaida ya serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza ghafla biolojia na jiografia ni kwa Kiingereza, basi anakariri asichokielewa. Inaniuma sana. Kiingereza afundishwe kama somo, na mwalimu aliyeiva kweli. Mengine ayasome kwa Kiswahili. Wafini na Wanorwei husomesha watoto kwa lugha zao, na Kiingereza wanakijua kutuzidi.