Mtafiti wa virusi vya nguruwe: abaki maabara au aingie bandani?

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921, na Montgomery, kutokana na milipuko aliyoifuatilia Kenya. Karne moja na ushee imepita, dawa ya kuitibu hakuna, na chanjo chache zilizoidhinishwa bado zinabishaniwa. Kwa daktari wa mifugo anayetaka kubobea kwenye virusi vya nguruwe, ubishi huo unaamua miaka yake ya kazi ataimalizia wapi: maabara akitengeneza chanjo, au mabandani na machinjioni akipima, akifuatilia na kuziba njia za ugonjwa. Kufanya yote mawili kwa kina ni vigumu, tena kwa sababu ya kawaida kabisa: aliyegusa nguruwe wenye maambukizi kwenye maabara ya ulinzi wa juu huzuiwa kukaribia nguruwe wengine kwa siku kadhaa, hata akishaoga na kubadili nguo zote.

Upande wa chanjo una hoja nzito. Kirusi cha homa hii cha aina ya II, kundi mojawapo la kijenetiki, kilifika Georgia mwaka 2007, China Agosti 2018, Vietnam mwanzoni mwa 2019, kisha kikavuka hadi visiwa vya Karibi mwaka 2021. Masharti ya usafi yalikuwa yanajulikana muda wote huo. Mfugaji mwenye nguruwe 3 akiona mmoja kashikwa na homa, huwauza wawili waliobaki kabla majibu ya maabara hayajarudi. Pasipo fidia, kumlaumu ni kazi bure. Isitoshe, chanjo imeshawahi kumaliza mjadala kwenye nguruwe: kirusi cha sirko (circovirus) aina ya 2 kilichokuwa kikidhoofisha nguruwe wadogo kilidhibitiwa vizuri mno baada ya chanjo zake kuingia sokoni mwaka 2006.

Ila kirusi cha sirko kina herufi za kijenetiki zipatazo 1,770 tu, na protini moja ya ganda lake inatosha kuamsha kinga. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika kina herufi kati ya 170,000 na 193,000 na jeni zaidi ya 150. Kinaishi ndani ya makrofeji, zile seli ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi, na kingamwili peke yake hazikizimi. Ndiyo maana chanjo ya kirusi kilichouawa imeshindwa kila ilipojaribiwa. Inabaki chanjo hai, yaani kirusi kizima kilichoondolewa jeni moja au zaidi ili kipoteze makali.

Hata kukikuza ni shughuli. Makrofeji huvunwa kutoka kwenye damu au mapafu ya nguruwe wasio na maambukizi, hazizaliani kwenye chupa, na mavuno ya nguruwe mmoja hayafanani na ya mwingine. Ukitaka kujua kama seli zimeshika kirusi, unadondoshea chembe nyekundu za damu ya nguruwe. Seli iliyoambukizwa huzivuta zikajipanga kuizunguka, na chini ya hadubini inaonekana kama tunda lililogandiwa na mbegu nje. Anayechoka na makrofeji hushawishika kuhamia seli za maabara zinazozaliana zenyewe. Humo kirusi huzoea mazingira mapya, huangusha vipande vya jenomu (mfululizo wake wote wa herufi za kijenetiki), na mara nyingi huangusha pamoja navyo uwezo wa kujenga kinga. Miaka 2 ya kazi inaweza kuishia hapo.

Aliyevuka kizingiti hicho anaingia kwenye majaribio ya wanyama. Nguruwe 5 au 6 kwa kundi huchanjwa, hupimwa joto kila siku, damu huchukuliwa kila baada ya siku chache, na siku ya 28 hivi hupewa kirusi kikali. Kubaki hai hakutoshi. Lazima kuwe na kundi lililopewa dozi kubwa kupita kiasi, kundi la wasiochanjwa wanaolala banda moja na waliochanjwa ili ijulikane kama kirusi cha chanjo kinatoka na kuambukiza, na jaribio la kuhamisha kirusi hicho kutoka nguruwe hadi nguruwe, kwa kawaida mara 5, kuona kama makali yanarudi. Jaribio hili la mwisho ndilo linaloua chanjo nyingi, na ndilo ambalo mwenye haraka hutamani kulifupisha.

Upande wa pili una kumbukumbu za kuonyesha. Ureno ilichanja kwa chanjo hai mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nguruwe wengi wakaishia na nimonia, vidonda vya ngozi, viungo vilivyovimba na mimba kuharibika, huku wengine wakibaki wamebeba kirusi. Denmark iliumizwa mwaka 1996 na ugonjwa tofauti, ule wa uzazi na upumuaji wa nguruwe: kirusi cha chanjo hai kilihamia kwa wasiochanjwa na kurudisha makali. Vietnam iliidhinisha chanjo yake ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Afrika mwaka 2022 kwa nguruwe wa kunenepeshwa wa wiki 8 hadi 10, na miezi michache baadaye ikaisimamisha kwa muda baada ya waliochanjwa kufa mashambani. Kisha mwaka 2023 watafiti wa China wakatoa taarifa ya virusi vilivyochanganya jenomu ya aina ya I na ya II, ambavyo chanjo hai iliyotengenezwa kutokana na aina ya II haikuweza kuvizuia.

Wakati huohuo Hispania ilitangazwa kuwa huru mwaka 1995 bila chanjo. Jamhuri ya Cheki iliuzima mlipuko wa nguruwe pori wa mwaka 2017, na Ubelgiji ule wa 2018, kwa uzio, kukusanya mizoga na kupima. Ni kweli nchi hizo zilikuwa na pesa na fidia, na hazikuwa na ngiri wanaotunza kirusi mwaka hadi mwaka. Lakini fundisho la Hispania ni la kimaabara zaidi ya linavyosimuliwa. Virusi vilivyobaki huko vilikuwa vimepungua makali, nguruwe wengi walipona wakabaki na kingamwili, kwa hiyo kupima kingamwili kwa majike wa kuzaa kuliwafichua wabebaji. Kipimo hichohicho kwenye mlipuko mkali hakisaidii sana: kingamwili huonekana kuanzia siku ya 7 hivi, na wengi wanakuwa wameshakufa au wako njiani. Hapo ni PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Kujua kipimo gani, lini, kwa kirusi kipi, ni utafiti kamili, ingawa haupewi heshima ya chanjo.

Na PCR nayo haiokoi sampuli mbovu. Kwenye mzoga, bandama huwa imevimba, nyeusi, inavunjika mkononi kama ini lililooza, na tezi za limfu karibu na tumbo na figo zinafanana na mabonge ya damu. Chukua bandama, tezi na tonsili. Kwa aliye hai, damu iingie kwenye chupa yenye EDTA, kizuia damu kuganda, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, isafirishwe kwenye nyuzi 4. Chupa ya heparini, kizuia kuganda kingine, huzuia PCR kufanya kazi. Kipande kilichotiwa formalini hakikuzi kirusi tena. Damu nzima ikigandishwa, chembe nyekundu hupasuka, na kipimo cha kingamwili huvurugika.

Mahali pande hizi mbili zinapogongana hasa ni penye alama ya kumtofautisha nguruwe aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Nguruwe aliyepewa chanjo hai ana kingamwili, na kwa muda fulani damu yake inasoma chanya kwenye PCR ya jeni ya p72, ambayo ndiyo wengi huitafuta. Njia ya Hispania inafungwa. Dawa yake ni PCR ya shabaha mbili: p72, pamoja na ile jeni iliyoondolewa kwenye chanjo, kwa mfano I177L. Zikionekana zote mbili, kirusi cha shambani kipo. Ikionekana p72 pekee, ni chanjo. Lakini kirusi kikishatoka kwenye damu zinabaki kingamwili, na hizo hazisemi zimetoka wapi mpaka chanjo iwe imeondolewa pia protini ambayo nguruwe mgonjwa huijengea kingamwili waziwazi.

Kwa maoni yetu chanjo inahitajika, na anayeingia fani hii leo afadhali miaka yake 3 ya kwanza aipitishe kwenye mizoga. Majaribio hutumia nguruwe wa umri mmoja, wasio na minyoo wala ugonjwa mwingine. Bandani kuna jike mwenye mimba, kitoto kinachonyonya, na dume aliyenunuliwa jana, wote wakichomwa kutoka chupa moja. Aliyewahi kuliona banda hilo ataomba kundi la majike wenye mimba kwenye jaribio lake mapema, na atadai kipimo cha shabaha mbili kiwe tayari kabla dozi ya kwanza haijatoka kwenye jokofu.