Kabla, baada, na picha ya katikati

Mpwa wangu alikuja Jumapili, akanisalimia, akavuta kiti na kunipa simu yake. "Mjomba, hebu ona." Ilikuwa posti ya kliniki moja ya meno kwenye Instagram, picha mbili zimewekwa pamoja. Kushoto meno ya kahawia, kulia meno meupe pe. Chini wameandika: "Kutoka aibu hadi tabasamu." Uso ni wake, kuanzia kidevu mpaka kilemba alichofunga siku ile. Wafanyakazi wenzake walishaiona kabla yake.

Kwetu ni Usa River, jirani na Maji ya Chai, wilayani Arumeru, mkoani Arusha, Tanzania. Aliyekulia huko hahitaji kuelezwa rangi ile. Maji yanayotoka Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya upande wetu vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mtoto huyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, na yanapochomoza yanakuja na madoa yake. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo huchangia. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe, wala mswaki hauna kosa lolote. Dar es Salaam nimeulizwa mara nyingi kama navuta sigara, na sijavuta hata siku moja. Ndiyo maana neno "aibu" lilinichoma. Daktari wa meno anajua kabisa madoa yale yametoka wapi, halafu anayaita aibu ili auze.

Lakini kilichonisukuma kuandika ni picha ya tatu, ile ambayo haipostiwi. Kati ya kabla na baada kuna kuchonga. Mpwa wangu aliwekewa vinia. Vinia ni gamba jembamba la kauri linalobandikwa mbele ya jino, na ili likae vizuri, mara nyingi daktari huparura enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kiasi cha nusu milimita. Enameli ikishaondoka haioti tena. Gamba lenyewe hudumu miaka 10 hadi 15 likitunzwa, kisha linabadilishwa. Mpwa wangu ana miaka 24. Mpaka afike 64 atakuwa amelipia kazi ileile mara mbili nyingine, pengine tatu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Sasa hivi akinywa maji ya friji anafumba macho na kushika shavu.

Picha ya katikati iliwahi kuonekana na dunia nzima, tena kwa bahati. Mwaka 2021 vijana wa Uingereza waliokwenda kutengeneza meno Uturuki kwa bei nafuu walijirekodi TikTok wakiwa katikati ya matibabu, meno yamechongwa yakabaki kama vijiti. Wengi walidhani wanawekewa vinia. Madaktari wa meno wa kwao walipoona video zile wakasema wazi kwamba uchongaji wa namna ile ni wa krauni, yaani kofia inayofunika jino zima, na jino lenye afya lilikuwa limeliwa sehemu kubwa bila sababu. Matangazo yaliyowapeleka huko yalikuwa yameonyesha tabasamu tu.

Nilimuuliza mpwa wangu kama aliruhusu picha zake zitumike. Akasema ndiyo, alisaini. Nikamuuliza lini. Alikuwa ameshalala kwenye kiti, taa usoni, ganzi imeingia, mdomo mzito. Msaidizi akamletea karatasi na kalamu, akamwambia akikubali picha atapunguziwa bei. Mimi sitaiita hiyo ruhusa. Mtu aliyeshikwa ganzi, na pesa zake zimeshapigiwa hesabu, atabishana na nani?

Sheria iko upande wake kuliko alivyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Zinahitaji idhini ya maandishi, na mwenye taarifa anaweza kuiondoa idhini hiyo wakati wowote. Alipowapigia picha iondolewe, kliniki ilimjibu "ulisaini" na kukata simu, haikumweleza kwamba saini ile inaweza kufutwa. Kenya wameshaanza kuwatoza watu: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Yule alikuwa mtu aliyekwenda kustarehe. Mgonjwa aliyefungua kinywa mbele ya daktari anastahili ulinzi mkubwa zaidi ya huo.

Kuna na wasanii wanaotengenezewa meno bure, kisha wanatusimulia walivyoipenda kliniki fulani bila kusema hawakulipa hata senti. Hilo nalo ni tangazo, na litajwe kuwa ni tangazo.

Na wale wanaouza jeli na poda za kung'arisha meno kwenye saluni na kwa oda za WhatsApp? Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, dawa yenye haidrojeni peroksaidi, ile kemikali inayong'arisha, zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 haitumiki bila daktari wa meno, na aliye chini ya miaka 18 hapewi. Huku binti wa kidato cha pili anaiagiza kwa bodaboda. Kwa meno yetu ya Arumeru hatari ni ya ziada, kwa sababu kung'arisha peke yake mara nyingi hufanya mabaka meupe yaonekane zaidi, na mtu anarudi kununua chupa ya pili.

Sisemi madaktari wa meno wanyamaze. Namfuata mmoja ambaye wiki iliyopita alishika jino la plasta mkononi, akalichonga mbele ya kamera, akaonyesha unga uliobaki kwenye kidole chake. Akataja bei, akataja miaka, akasema nani hafai kufanyiwa. Hakutumia uso wa mgonjwa hata mmoja, na mimi ningempelekea mwanangu kesho. Baraza la Madaktari Tanganyika, linalowasajili wote hawa, lingeweza kudai kiasi hicho kwa kila anayeposti kabla na baada: onyesha na katikati, na idhini isainiwe siku nyingine, mtu akiwa ameketi wima.

Barua ya kuondoa idhini tumeiandika pamoja mezani kwangu, ukurasa mmoja. Mpwa wangu ameipeleka mwenyewe Jumatatu, wakamgongea muhuri kwenye nakala. Leo Ijumaa picha bado ipo.