Walipopiga kura kuifunga benki ya walioachwa huru

Tarehe 29 Juni 1874, mjini Washington, wadhamini wa Freedman's Savings Bank, yaani watu waliokabidhiwa kuisimamia benki hiyo ya akiba ya watu weusi waliotoka utumwani, walikaa kikao wakapiga kura kuifunga. Hakuna askari aliyetumwa kufunga milango wala hakimu aliyetoa amri. Siku tisa kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria inayowaruhusu kuifunga wakiona inafaa, nao wakaona inafaa. Kisheria, basi, benki ilijifunga kwa hiari. Siku hiyo ilikuwa inadaiwa karibu dola milioni 3 na watu 61,144, wengi wao wakiwa watu waliozaliwa utumwani.

Tangu hapo swali limebaki: kura ile ilikuwa ya haki au ya woga? Wapo wanaosema kwamba kufunga kulikuwa ndiyo njia pekee ya kuokoa kilichobaki. Wengine wanasema benki ingevumiliwa, ikabanwa na kusafishwa, watu wasingepoteza kiasi walichopoteza. Nimezitafakari hoja zote mbili kwa muda mrefu, na naegemea upande mmoja, ila si kwa wepesi.

Kwanza tujue ni pesa za nani. Benki ilianzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho. Askari weusi walikuwa wanalipwa mshahara na hawana pa kuuweka. Mchungaji John Alvord ndiye aliyelishikia bango wazo la benki ya akiba kwa ajili yao na kwa ajili ya wote waliotoka utumwani. Ukiwa na senti 5 tu ulifunguliwa akaunti. Matawi yakafika 37, kuanzia New York hadi New Orleans, na katika miaka 9 ya uhai wake zilipita humo amana za takriban dola milioni 57. Waliokuwa wakiweka ni akina mama waliofua nguo za watu, vibarua wa mashambani, maseremala, makanisa, vyama vya kuzikana na watoto wa shule.

Kuna kitu kimoja kinachonigusa kila nikikisoma: madaftari ya usajili. Mteja ambaye hakujua kuandika alitia alama ya msalaba mahali pa saini. Sasa kesho akirudi, keshia atamtambuaje? Kwa hiyo karani alimuuliza maswali na kuandika majibu. Umezaliwa wapi? Bwana wako alikuwa nani, na shamba lake liko wapi? Jina la mke au mume? Watoto? Baba na mama? Kaka na dada, na wako wapi sasa? Mtu aliyekuwa ameuzwa mbali na mama yake akiwa mtoto alisimama mbele ya kaunta akitaja jina la mama huyo, likaandikwa kwa wino. Leo wazao wao wanayafungua madaftari hayo kutafuta babu zao, kwa kuwa kwa familia nyingi hakuna karatasi nyingine ya zamani hizo inayowataja kwa majina. Mtu aliyetoa mpaka hilo ili atunziwe dola tatu hakuwa anacheza. Kwa Kiswahili pesa ya namna hii tunaiita amana, na neno hilo lina uzito kuliko "akiba".

Wadhamini waliijua thamani ya amana hiyo mwanzoni. Sheria ya 1865 iliwataka waweke angalau theluthi mbili ya pesa katika hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, ambazo hata uchumi ukiyumba zina mnunuzi. Lakini makao makuu yalihamia Washington 1867, na kamati ya fedha ikaangukia mikononi mwa Henry Cooke, ndugu wa Jay Cooke, tajiri aliyeuza hatifungani za serikali wakati wa vita. Mwaka 1870 Bunge lilirekebisha sheria, pesa zikaruhusiwa kukopeshwa kwa rehani ya ardhi na nyumba. Hapo ndipo uzio ulipobomolewa. Wenye ujenzi na wenye marafiki wakapita. Mkopo unaotajwa sana ni wa dola 50,000 kwa kampuni ya machimbo ya mawe ya Seneca, ambayo Cooke mwenyewe alikuwa na maslahi nayo, kwa dhamana iliyokuja kuonekana haina thamani. Wafua nguo wa Savannah walikuwa wanamkopesha tajiri wa Washington bila kujua.

Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke ikaanguka, na uchumi wa Marekani ukaanguka nayo. Wateja wakakimbilia madirishani. Benki ikauza hatifungani zake nzuri ili iwalipe waliofika, mabaki yakawa rehani ambazo hakuna aliyezitaka.

Machi 1874 wadhamini wakamchagua Frederick Douglass kuwa rais wa benki. Huyu ndiye mtu mweusi aliyeheshimika kuliko wote nchini, na yeye mwenyewe alitoroka utumwani. Alikuta jengo zuri mkabala na Wizara ya Fedha, kaunta za marumaru, makarani nadhifu, akaambiwa benki ni imara. Akaikopesha dola 10,000 za mfukoni mwake ili ivuke mwezi mgumu. Kadiri alivyouliza ndivyo majibu yalivyozidi kupinda. Kisha akagundua kwamba baadhi ya wadhamini waliomhakikishia uimara wa benki walikuwa wameshahamisha pesa zao wenyewe. Akaenda mbele ya kamati ya fedha ya Seneti, akawaambia maseneta kwamba benki haiwezi tena kulipa madeni yake. Wapo wadhamini wenzake waliomfuata huko huko kumpinga.

Hapo ndipo hoja ya kufunga inapopata nguvu zake, na kwangu ndiyo hoja iliyo nzito zaidi. Benki ikishakuwa na pengo, anayefika dirishani mapema halipwi pesa yake tu, analipwa na pesa ya atakayechelewa. Na nani hufika mapema? Yule anayekaa Washington, anayesoma magazeti, mwenye shemeji karani. Mkulima aliyeweka dola 30 kwenye tawi la Vicksburg atasikia wiki tatu baadaye, na atakuta sanduku tupu. Kila siku ambayo milango ilibaki wazi, pesa ilikuwa inatoka kwa wasiojua kwenda kwa wanaojua. Mbaya zaidi, milango ikiwa wazi, watu waliendelea kuweka. Kupokea senti ya mtu huku ukijua huwezi kuirudisha kuna jina baya, na Douglass hakutaka kulibeba. Kufunga kuliwaweka wote 61,144 katika mstari mmoja, kila mmoja apate kwa uwiano wa alichoweka. Kwa kipimo hicho kosa la kura ya Juni ni kwamba ilichelewa. Ingepigwa Oktoba 1873, kabla hatifungani nzuri hazijauzwa zote, kila mtu angepata zaidi.

Upande wa pili usidharauliwe. Mapema 1874 mkaguzi wa serikali alipima vitabu akakuta upungufu wa zaidi ya dola 200,000, wakati benki ilikuwa inadaiwa zaidi ya milioni 3. Piga hesabu: ni pungufu ya senti 10 kwa kila dola. Mwishowe wenye amana walipoteza senti 38 kwa kila dola, na hao ni wale waliofanikiwa kudai. Basi wanaopinga kura ile wanauliza, hizo nyingine zilikwenda wapi? Wanajibu kwamba zilipotea kwa sababu benki iliyofungwa haina tena nguvu ya kungoja. Nyumba na viwanja vya Washington viliuzwa katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa na pesa. Wadaiwa nao, walipoona aliyewakopesha amekufa, walilegea kulipa. Mikono ya subira, ikiungwa mkono na Bunge, ingeweza kungoja bei zipande.

Hesabu hiyo inavutia, ila nina shaka nayo. Upungufu wa mkaguzi ulipimwa kwa kuzihesabu rehani nyingi kana kwamba zingelipwa. Rehani ya machimbo ya Seneca isingelipwa 1875 wala 1880. Na subira inataka mtu wa kuigharamia. Bila Bunge kutia pesa, kungoja kungekuwa kungoja kwa gharama ya wale wale wenye amana.

Lakini wapinzani wana hoja ya pili ambayo siwezi kuikwepa, inayohusu imani. Mawakala wa benki walipita makanisani na kambini wakiwaambia watu kwamba serikali iko nyuma ya benki hii, na vitabu vya akiba vilipambwa picha ya Lincoln. Milango ilipofungwa, watu hawakusema kamati ya fedha imetuangusha. Walisema serikali imetuibia, na wengi wakakaa mbali na benki. Ilichukua hadi 1888 ndipo benki zilizomilikiwa na watu weusi wenyewe zikaanza kusajiliwa, Washington na Richmond. Na lawama ilimwangukia nani? Cooke alikuwa ameshajitoa kabla ya kishindo. Aliyebaki kwenye kiti ni Douglass, na kwa miaka mingi wapo walioitumia benki hii kama ushahidi kwamba watu weusi hawawezi kuendesha fedha, wakati mikopo mibovu ilitolewa na kamati ya wanaume weupe matajiri.

Mimi nasema kufunga kulikuwa sahihi. Kinachonisumbua ni hilo neno hiari. Hiari ya nani?

Tazama benki nyingine za Marekani za wakati ule ule. Chini ya sheria ya benki za kitaifa ya 1864, benki ingeweza kujifunga kwa hiari pia, kwa kura ya wenye theluthi mbili ya hisa. Lakini waliopiga kura hiyo ni wenye mali. Ilibidi watangaze magazetini, waweke kwa Wizara ya Fedha pesa za kukomboa noti zote walizotoa, na benki ikionekana haitoshelezi madeni, kila mwenye hisa aliweza kudaiwa kiasi kingine sawa na thamani ya hisa zake. Kwa hiyo mtu aliyeinua mkono kufunga alijua kwamba pengo likiwepo litamfuata nyumbani. Hapo hiari ina maana.

Freedman's Savings Bank haikuwa na hisa wala mtaji. Pesa yote humo ilikuwa ya wenye amana. Wadhamini waliwekwa 50, na sheria haikumtaka hata mmoja wao aweke dhamana yoyote ya mali yake. Waliopiga kura hawakuwa na cha kupoteza kisheria, na waliokuwa na cha kupoteza hawakuwa na kura. Mfua nguo wa Savannah hakuulizwa 1870 pesa yake ilipotolewa kwenye hatifungani, wala hakuulizwa 1874 milango ilipofungwa. Bunge lililoandika sheria ya kuanzisha benki, likajipa haki ya kukagua vitabu vyake na kukaa miaka bila kuvikagua, ndilo lililoandika ruhusa ya kuifunga. Katika ruhusa hiyo halikuweka hata dola moja ya kuziba pengo lililoanza na marekebisho yake lenyewe. Kwa kuyaachia maamuzi wadhamini na kuyaita hiari, Bunge lilijitoa kwenye deni.

Kazi ya kufilisi walipewa makamishna watatu, kila mmoja kwa mshahara wa dola 3,000 kwa mwaka, kutoka kwenye pesa zile zile. Malipo ya kwanza yalitoka 1875, asilimia 20. Yakafuata asilimia 10 mwaka 1878, nyingine 10 mwaka 1880, 15 mwaka 1882, na 7 mwaka 1883. Jumla 62, kwa miaka 9. Chukua mtu mwenye amana ya wastani, dola 49. Malipo ya kwanza kwake ni dola 9 na senti 80. Mwenye dola 4 anapata senti 80, na ili azipate ni lazima atume kitabu chake Washington kihakikiwe. Utoe mkononi ushahidi pekee ulionao kwamba unadai, ukiwapelekea watu wa mji ule ule uliokula pesa yako, ungoje? Wengi hawakutuma. Wengine walikuwa wamehama au wamekufa, vitabu vimepotea. Karibu nusu ya wenye amana hawakupata chochote. Hapa wapinzani wa kura ya 1874 wana haki kabisa: hata kama kufunga kulikuwa sahihi, namna ya kufilisi ilipangwa kwa ajili ya watu wenye makarani na anwani, na wateja hawa hawakuwa hao.

Seneta Blanche Bruce wa Mississippi, naye aliyezaliwa mtumwa, aliongoza uchunguzi wa Seneti kuhusu benki hiyo na akapigania waliobaki walipwe. Jengo liliuzwa kwa serikali 1882. Mwaka 1886 Rais Grover Cleveland aliliomba Bunge liwalipe wenye amana. Barua za wajane na watoto waliorithi vitabu vya akiba ziliendelea kufika Washington kwa miongo kadhaa, na Bunge halikulipa. Jengo la zamani lilibomolewa, Wizara ya Fedha ikajenga lake kwenye kiwanja hicho, na Januari 2016 likapewa jina la Freedman's Bank. Madaftari yamehifadhiwa. Jina la mteja lipo, la mama yake lipo, la bwana aliyemmiliki lipo, na anachodai bado kinahesabika.